Uzito wa Picha Hulipwa na Anayeitazama
Barua ya wazi kwa wapiga picha za pande zote wa Nundu, Baraka na Fizi

Kwenu vijana mnaopiga picha za pande zote Nundu, Swima, Mboko, Lusenda, Baraka na Fizi. Kwenu mnaozitengenezea tovuti. Na kwenu wakuu wa mashirika, shule, makanisa na hospitali mnaowapa vijana hao kazi na kuwalipa.

Nawaandikia juu ya jambo ambalo katika kazi hii huachwa la mwisho, pengine lisifikiriwe kabisa: uzito wa faili. Kazi yenyewe naiheshimu na nataka iongezeke. Fizi, huku mashariki mwa Kongo, inajulikana duniani kwa habari za vita, na picha nyingi zilizotoka huku kwa karibu miaka thelathini ni za watu walio njiani, mizigo vichwani. Picha ya pande zote huleta kitu kingine. Humweka mtazamaji katikati ya mahali, kisha humwachia ageuke atakavyo: huku ziwa Tanganyika na mgongo wa rasi ya Ubwari kwa mbali, huku milima inayopanda kuelekea Itombwe, huku barabara iendayo Uvira, huku watoto wanaotoka shule. Mtoto aliyezaliwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako watu wa Fizi na Uvira walianza kupokewa mwaka 1996 walipovuka ziwa kuikimbia vita, anaweza kusimama kwa mara ya kwanza katika kijiji ambacho wazazi wake humsimulia kila jioni. Picha yenye uwezo huo inastahili kufunguka. Ubora wa picha ya mtandaoni haupimwi kwenye kompyuta ya aliyeipiga. Hupimwa kwenye simu ya anayeifungua. Uzito wa faili ni bei, na anayeipanga bei hiyo siye anayeilipa.

Tufanye hesabu. Tangu kampuni ya Ricoh ilipotoa kamera yake ya kwanza ya Theta mwaka 2013, kifaa cha lensi mbili kinachokamata pande zote kwa kubofya mara moja kimekuwa kitu cha kutia mfukoni, na wenye kamera ya kawaida nao huunganisha picha kadhaa kwa kompyuta wakapata panorama moja. Upana wa pikseli 8192 na kimo cha 4096 hufikiwa kwa urahisi, yaani pikseli zaidi ya milioni 33. Ikihifadhiwa katika JPEG kwa kiwango cha juu cha ubora, ikiwa imejaa majani na mawimbi kama zilivyo picha za pwani yetu, faili inaweza kufika mega 15. Sasa mchukue mtu wa Nundu ambaye rezo (mtandao) yake ya jioni, watu wote wakiwa mtandaoni, inampa kilobiti 200 kwa sekunde. Mega 15 ni kilobiti 120,000. Atasubiri dakika 10 kuona picha moja, ikiwa laini haikukatika. Ikikatika dakika ya nane, mega zilizokwisha kushuka zimetoka kwenye forfe (kifurushi) yake na picha hana. Nakala ndogo ya picha hiyohiyo, yenye kilobaiti 100, ingemfikia kwa sekunde 4, na katika sekunde hizo 4 angekuwa ameshalitambua ziwa, barabara na paa la kanisa.

Wengi hudhani kwamba picha ikishashuka, gharama imekwisha. Haijaisha. JPEG ni mzigo uliofungwa. Simu lazima iufungue kabla ya kuuonyesha, na ukishafunguliwa kila pikseli huchukua baiti 4 za kumbukumbu, haidhuru faili ilibanwa kiasi gani. Zidisha 8192 kwa 4096, kisha kwa 4, utapata mega 134. Simu yenye kumbukumbu ya giga 2, ambayo sehemu yake kubwa imekwisha kushikwa na mfumo wenyewe na WhatsApp, itasitasita, itapata moto, na huenda kivinjari kikajifunga bila kusema neno. Simu nyingine za bei ya chini haziwezi hata kuchora kwa mara moja picha inayozidi upana wa pikseli 4096. Mwenye simu huona weusi mtupu akadhani tovuti imekufa. Kwa hiyo mtu anaweza kuibana faili kutoka mega 15 hadi 3 akaona amemhurumia mtazamaji, kumbe simu bado inabebeshwa zile mega 134. Kubana hupunguza safari ya faili. Kupunguza pikseli hupunguza pia mzigo unaomngoja mtu safari ikiisha. Ni mambo mawili, na huchanganywa mno.

Je, macho yanazipata pikseli zote hizo? Simu ikilazwa, kioo cha pikseli 1600 kinaonyesha takriban robo ya mzunguko, nyuzi 90. Mzunguko mzima basi unahitaji pikseli 6400 kwa upana. Zaidi ya hapo kioo hakina pa kuziweka mpaka mtu avute picha karibu. Simu ikisimamishwa wima, kioo cha pikseli 720 kikionyesha sehemu ya sita ya mzunguko, pikseli 4320 zinatosha. Tena katika dakika yoyote ile mtazamaji anaona takriban sehemu moja ya kumi tu ya picha nzima. Iliyobaki iko nyuma yake, juu yake na chini ya miguu yake. Kuna pia upotevu mwingine ambao mpiga picha hauoni kwa kuwa umejificha katika umbo la faili. Panorama ya kawaida ya mstatili, yenye upana mara mbili ya kimo, huitandaza dunia kama ramani ya ukutani inavyoitandaza ncha ya kaskazini: utosi wa mbingu, ambao kwa kweli ni nukta moja, huvutwa ukawa mstari mzima wa pikseli 8192. Nyuzi 30 za juu kabisa na nyuzi 30 za chini kabisa hula theluthi ya pikseli zote, ilhali ni kama asilimia 13 tu ya kinachoonekana. Simu ya mtu wa Mboko inabebeshwa theluthi ya pikseli zake kwa ajili ya anga lililo juu ya utosi na mchanga ulio chini ya stendi ya kamera.

Ndiyo maana nasema kwamba ubora na wepesi si mahasimu kama tunavyozoea kuwaweka. Ugomvi wao unatokana na kumtumia mtu picha nzima kwa mara moja. Ukimtumia kile anachokitazama, kwa ukubwa ambao kioo chake kinaweza kukionyesha, ugomvi karibu unaisha. Panorama hukatwa vigae vidogo, tuseme vya pikseli 512 kwa 512, kwa tabaka kadhaa: tabaka la kwanza dogo na hafifu, la pili kubwa kidogo, la tatu lenye undani wote. Simu hupokea kwanza nakala ile hafifu ya kilobaiti mia moja au chini yake, mtu akaanza kugeuka papo hapo. Kisha vinafuata vigae vya upande alioelekea tu, vya tabaka linalolingana na kioo chake. Kwa simu ya kawaida huenda jumla yake isizidi kilobaiti mia tano. Akivuta karibu asome kibao cha zahanati, hapo ndipo vigae vizito vya kibao hicho vinaposhuka, na ni yeye aliyeamua kuvilipia. Ndugu yake aliyeko Marekani mwenye kioo kikubwa na mtandao wa kasi anapata pikseli zote 8192 kutoka picha hiyohiyo. Hakuna aliyenyimwa, na hakuna aliyelipia asichokiona.

Asije mtu akaniambia kwamba hiyo ni mbinu ya kimaskini. Google ilipoanzisha Street View mwezi Mei 2007 katika miji mitano ya Marekani, watu wenye mtandao mzuri kuliko wetu wa leo waliletewa picha kwa vigae, na hata sasa ukihama kutoka pointi moja hadi nyingine kwenye ramani hiyo utaona ukungu kwanza, kisha ukali unakuja kipande baada ya kipande. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Apple ilipotoa QuickTime VR, panorama zilikatwa vipande ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ifungue vile tu vinavyotazamwa. Wakati huo modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde ilikuwa kitu cha kujivunia. Waliokuwa na mitambo mikubwa na fedha nyingi hawakuona aibu kuhesabu baiti. Sisi ambao mtazamaji wetu hununua mega kwa siku, tuna sababu kubwa zaidi ya kuzihesabu.

Kuhusu kubana kwenyewe, naomba tukae kidogo, maana hapa macho hudanganywa. Tuseme panorama imepigwa pwani ya Mboko alfajiri, mitumbwi inarudi na ndagala. JPEG huigawa picha katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kisanduku hutupa undani ambao inadhani jicho halitauona. Anga tulivu halina undani, kwa hiyo linagharimu kidogo sana. Mchikichi uliosimama pembeni, wenye maelfu ya ncha za majani kila moja ikielekea kwake, unagharimu kuliko anga lote. Maji yanayomeremeta nayo ni vivyo hivyo. Lakini ukiibana picha mno, si mchikichi utakaolalamika. Majani huficha makosa, kwa kuwa jicho halilijui jani mojamoja. Kasoro zitatokea kwenye anga, ambako rangi iliyokuwa ikififia pole pole kutoka samawati hadi manjano itagawanyika ngazi ngazi kama matuta ya shamba. Zitatokea kwenye maandishi ya ubavuni mwa mtumbwi, ambako vumbi la pikseli litazizunguka herufi. Herufi nyekundu ndizo huchafuka kwanza, kwa kuwa JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa uhaba kuliko inavyohifadhi mwanga. Na zitatokea kwenye nyuso. Basi anayetaka kujua kama amebana kupita kiasi aangalie anga, maandishi na sura za watu, kwa ukubwa ule ambao mtazamaji ataziona. Akitazama mchikichi ataambiwa kila kitu ni chema.

Kutokana na hayo kuna kazi ndogo ndogo za kufanya kabla ya kubana. Chenga za picha iliyopigwa gizani ziondolewe kwanza, kwa kuwa JPEG huziona kama undani na kuzilipia kama inavyolipia majani. Programu ya kunoa isitumiwe kwa pupa; kila ukingo ulionolewa kupita kiasi unaongeza baiti na kuuwekea mtumbwi mzingo mweupe ambao haukuwapo ziwani. Mahali pa mshono, pale ncha ya kushoto inapokutana na ya kulia, paelekezwe kwenye kitu kisicho na maana kubwa, kama maji ya mbali, kwa sababu picha ikibanwa sana mstari wa mshono huonekana. Kwa kiwango cha ubora, kati ya 75 na 80 katika programu nyingi hutosha kwa picha ya kutazamwa. Kutoka hapo hadi 95 faili inaweza kuzidi maradufu na jicho lisipate ilichoongeza. WebP, muundo uliotolewa na Google mwaka 2010, hupunguza tena kwa robo au zaidi, na vivinjari vya leo karibu vyote vinaufungua.

Najua pingamizi zitakazotoka. Ya kwanza, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi, ni ya wale wanaosema picha hizi ni ushahidi, na ushahidi haupunguzwi. Wana haki. Kati ya 2020 na 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani pwani yote, kutoka Bujumbura na Uvira hadi Baraka na Kalemie. Mwezi Mei 2025 mafuriko yaliikumba Kasaba, katika sekta ya Ngandja, yakaua watu wengi usiku mmoja. Panorama zilizopigwa kabla na baada ya maji kufika huonyesha nyumba ilisimama wapi, mti ulikuwa hatua ngapi kutoka ukingoni, na alama ya maji ilifika tofali la ngapi. Tofali hilo lahitaji kila pikseli. Lakini kinachotunzwa na kinachotangazwa hakipaswi kuwa faili moja. Faili asilia, ikiwezekana ile ghafi kutoka kamerani, iwekwe kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti, moja Nundu na nyingine Baraka kwa mfano, ikiwa na tarehe, mahali na upande ambao kamera ilielekea. Akiba haiozi. Kutoka kwenye asilia hiyo ndipo inapotengenezwa nakala ya mtandaoni, nayo inaweza kutengenezwa upya kila teknolojia ikibadilika. Anayeiweka mtandaoni faili ya mega 15 kwa jina la ushahidi, kisha akafuta asilia ili apate nafasi kwenye kadi, ameukosa ushahidi na amemkosa mtazamaji. Na tafadhali, asilia zisihamishwe kwa WhatsApp kama picha za kawaida: njiani hupunguzwa pikseli na kuvuliwa ile taarifa inayoiambia programu kwamba hii ni picha ya pande zote. Zikibidi kupita huko, zitumwe kama hati.

Wengine watasema tusubiri, rezo itaongezeka. Ni kweli kwamba Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipa Starlink leseni, na antena zake zitabadili mengi kwa ofisi na hospitali zinazomudu kuzilipia. Lakini antena moja ikigawiwa watu arobaini inarudi kuwa laini nyembamba, na simu ya mama anayeuza mawese sokoni haiongezewi kumbukumbu na setilaiti. Na kila mtandao unapopanuka, kamera nazo huwa zimepanuka. Mwaka 2013 faili ya panorama ya kamera ndogo ilikuwa mega chache. Leo kamera za aina hiyohiyo hutoa faili nzito mara kadhaa. Anayengoja rezo iifikie faili yake atangoja milele, kwa kuwa faili nayo inakimbia.

Wapo watakaosema vigae ni kazi ya wataalamu, na kwamba faili moja ni rahisi kuliko mia tatu. Panorama ya pikseli 8192 ikikatwa kwa namna ya boksi lenye nyuso sita, kweli inafikia takriban vigae 300. Ila anayevikata ni programu. Hugin ya kuunganisha picha ni ya bure, na Pannellum ya kuonyesha panorama ni ya bure pia na huja na chombo chake cha kukatia vigae; kijana anayejua kufunga na kufungua programu kwenye kompyuta anaweza kuzimudu. Na hata katika kupakia, vigae vina faida ambayo watu wa Nundu wataielewa upesi kuliko watu wa miji mikubwa: rezo ikikatika umefika kigae cha 180, unaendelea na cha 181. Faili moja ya mega 15 ikikatika ikiwa imebaki mega moja, mara nyingi unaanza sifuri. Ambaye vigae vimemshinda kabisa, atengeneze faili moja ya pikseli 4096 kwa 2048 kwa ubora wa 75 au 80. Itakuwa na uzito wa mega moja na ushei, itashika robo tu ya kumbukumbu ya ile kubwa, na kwenye simu iliyosimama wima wachache sana wataona pengo. Itanguliwe na nakala ya pikseli 1024 ili mtu asikae akitazama kioo cheupe.

Swali la haki kabisa ni hili: kwa nini tujisumbue, wakati Google huzipokea panorama bure na kuzikata yenyewe? Zanzibar ilifanya hivyo. Wapiga picha wa World Travel in 360, Federico Debetto na Nickolay Omelchenko, wakishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walipiga barabara na vichochoro vya visiwa, na mwaka 2019 picha hizo zilikuwa zimekwisha kuwekwa Street View kwa kila mtu. Ilikuwa kazi njema, na kwa barabara ya Uvira hadi Baraka ningependa kuona kitu cha namna hiyo. Lakini nyumba ya mtu mwingine ina mlango wake na ufunguo wake. Google ilifunga Panoramio mwaka 2016, na mwaka 2023 ikaiondoa programu ya simu ya Street View ambayo watu wengi walikuwa wakipigia na kupakilia panorama zao. Tumieni huduma hiyo, ila asilia zibaki kwenu, na mahali penu pa kuonyesha pawepo pia, penye maelezo kwa Kiswahili na Kibembe ambayo ramani ya dunia haitawaandikia.

Limebaki jambo ambalo katika eneo letu haliwezi kuachwa. Mtu atasema: punguza ubora, na usalama wa watu utalindwa. La. Kubana hakufichi. Sura ya mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kamerani hutambulika hata kwenye nakala ndogo, na anayemtafuta mtu hahitaji pikseli nyingi. Picha ya pande zote haina nyuma ya kamera. Inamkamata aliyeketi kivulini ambaye mpiga picha hakumwona, askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani, mkimbizi wa kambi ya Lusenda aliyekimbia ili asijulikane alipo. Ulinzi wao ni kuwauliza kwanza, kusubiri uwanja utulie, kisha kufifiliza sura kwenye nakala kubwa ya kutangazwa kabla haijakatwa vigae, kwa sababu ukifuta sura kwenye tabaka la kwanza pekee, aliyevuta karibu ataikuta safi kwenye tabaka la tatu. Taarifa ya mahali halisi iliyofichwa ndani ya faili iondolewe pale ambapo mahali hapo panaweza kumponza mtu. Na kuna picha ambazo hazipaswi kupigwa kabisa. Vijana mnazijua kuliko mimi.

Sasa narudi kwenu mnaolipa, kwa kuwa kijana hutengeneza kile ambacho mkataba umemwomba. Mikataba ikitaja pikseli nyingi kadiri inavyowezekana na isitaje uzito, mtaletewa faili nzito, na kosa halitakuwa la kijana. Andikeni kwamba mtazamo wa kwanza usizidi kilobaiti 150. Kwamba ukurasa uanze kutumika kabla mega moja haijaisha. Kwamba asilia zikabidhiwe kwenye diski na nakala moja ibaki teritwari ya Fizi, isiende yote Kinshasa au Ulaya. Andikeni pia kwamba kazi haipokelewi mpaka ifunguke Nundu. Si ofisini penye waifai ya shirika. Chukueni simu ya giga 2 kutoka kwa yeyote aliye tayari kuwaazima, mnunulieni mega zake, ngojeni saa moja ya usiku rezo inapolemewa, kisha mwacheni mwenyewe aifungue picha ya kijiji chake na kugeuka. Akishageuka mara mbili na kuvuta karibu mara moja, angalieni mega zilizobaki kwenye simu yake, muandike namba hiyo kwenye ripoti ya kupokea kazi, juu kabisa, kabla ya idadi ya pikseli.